Sinia Juu ya Antena

Hadi leo nikiona sinia la bati, damu hunichemka.

Juu ya paa la nyumba yetu hapa Wabera, mjini Isiolo, palikuwa na antena nyeupe, ya mviringo kama bakuli lililofunikwa. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na watafiti wa Nairobi walinikabidhi niitunze. Kazi yake ilikuwa kusikiliza setilaiti zilezile zinazoonyesha njia kwenye simu ya dereva. Tsunami ikipita, bahari huinuka na kuisukuma hewa. Msukumo ule hupanda hadi anga ya juu kabisa, na mawimbi ya setilaiti yakipita hapo huvurugika kidogo, kwa namna inayosomeka. Setilaiti ikiwa chini, karibu na upeo wa macho upande wa mashariki, hata sisi wa bara tunaweza kuisoma anga iliyo juu ya bahari.

Mkubwa wa mradi hakuamini. Kila akipiga simu alinicheka, akiuliza ngamia wetu watazama lini. Akasema wazi kwamba tusiponasa hata wimbi moja kabla ya mwaka wa mradi kwisha, ataing'oa antena. Nikameza hasira, nikangoja.

Wimbi likaja. Lilikuwa dogo, halikumdhuru mtu, na lilipita mchana kweupe. Nilipofungua rekodi alasiri, zilikuwa tupu tangu asubuhi. Nikapanda paani mbio. Shangazi yangu, ambaye kila mwaka huja kutoka Korbesa kututengenezea nyirinyiri, vipande vya nyama iliyokaushwa na kukaangwa, za Ramadhani, alikuwa ametandaza vipande vya nyama ya ngamia kwenye sinia vikauke, na sinia ameliweka juu ya antena ili paka wasifike. Bati halipitishi mawimbi ya setilaiti.

Nilifoka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shangazi yake. Alisubiri nimalize.

"Uliniambia nisiguse hiyo kitu," akasema. "Sikugusa. Niliweka tu sinia juu. Ni ya nini? Miaka miwili, uliwahi niambia?"

Sikuwahi. Nilidhani hataelewa, kama vile mkubwa wangu alivyodhani kwamba watu wa Isiolo hawana la kujua kuhusu bahari. Hilo lilinikasirisha kuliko sinia.

Siku chache baadaye mwaka huo ukaisha, mafundi wakaja kuing'oa antena. Kwa kuwa kwetu msafiri haondoki na njaa, shangazi aliwapakulia nyirinyiri zilezile. Wakala, wakasifu, wakajaza na mkebe wa njiani. Nami nikala, nimekunja uso. Zilikuwa tamu kweli, na hilo sijalisamehe.