Swali la Mgeni wa Meli

Miguu ya wale wageni wa meli niliijua kabla ya nyuso zao, maana siku ile mie nilikuwa bibi harusi, na bibi harusi wa Temeke enzi zile hakuwa anaangalia mtu. Unatolewa uani, unakalishwa kwenye mkeka mpya, unainamisha macho, unafunga mdomo, na wanawake wanakuimbia na kukutuza mpaka wachoke wao. Ukicheka umeharibu. Ukiinua macho umeharibu zaidi.

Na mie kuharibu sikuruhusiwa hata kidogo. Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha nguo, na mama mkwe wangu alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba wasichana wa kiwandani ni wakavu wa macho, hawana haya, wamezoea kusukumana na wanaume kwenye mabasi. Posa ya kwanza alikataa hata kuisikia. Ya pili aliikubali kwa kuwa mwanawe aligoma kula. Siku ya harusi akaja na mawifi zangu wote, wakajipanga mbele yangu, kazi yao kunikodolea macho tu. Nikiteleza kidogo, mwanamke yule atakuwa amesema kweli, na nitaishi nyumbani kwake na jina hilo mpaka nizeeke. Nilikuwa nampenda yule kijana. Nilikuwa nampenda sana, wala sioni aibu kusema leo. Kwa hiyo nikainama.

Nyuma yangu alikaa somo wangu, yaani mwanamke aliyenifunda, vidole vyake tayari kwa kunifinya.

Ngoma ilikuwa imekolea niliposikia balozi wetu wa nyumba kumi anapiga hodi. "Jamani, nina wageni wa taifa!"

Wageni gani tena wa taifa kwenye harusi ya watu? Akaeleza akiwa nje ya ua, maana kule ndani mwanaume haingii. Kuna meli ya watalii imetia nanga, imetokea huko Bahari ya Kati, Italia na Ugiriki, na kila bandari inapofika abiria hushuka kwenda kuona wenyeji wanaishije. Basi lao lilikuwa linarudi kutoka kwa wachonga vinyago, wamesikia ngoma, wameomba kuona.

"Wanawake waingie," akasema bibi yangu, mama yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye shughuli. "Wanaume kaa nao hukohuko, wape maji."

Wakaingia. Yarabi, jinsi nilivyotamani kuinua macho! Wazungu nilikuwa nawaona wakipita kwenye magari, basi. Sasa wako mbele yangu na mie naona miguu tu! Haya, nikaitazama hiyo miguu. Mmoja alivaa soksi ndani ya makubazi, joto lote lile. Mwingine visigino vilikuwa vimepasuka kama vya shangazi zangu wa shamba, nikashangaa, maana nilikuwa nadhani mtu anayetembea kwa meli hapasuki visigino. Wa tatu alipaka kucha rangi nyekundu, moja imebanduka, na mguu wake ukawa unafuata ngoma, tena unaipatia. Nikatamani kumuuliza: kumbe kwenu nako kuna ngoma? Nyumbani umemwachia nani? Na hizo bandari zote, mnaingia tu harusi za watu namna hii? Kicheko kikanipanda. Somo akafinya.

Joto nalo halikunihurumia. Wanja ukayeyuka, ukaanza kunitiririka mashavuni. Yule wa kucha nyekundu akaacha kuchezesha mguu. Nikamsikia akisema kitu kwa binti aliyekuwa akiwatembeza, Mtanzania mwenzetu. Binti akasita. Mgeni akarudia, akakazia.

"Samahanini mama zangu," binti akasema. "Huyu mama anauliza bibi harusi analia nini. Anauliza kama amekubali kuolewa."

Ua mzima ukacheka.

"Analia wapi? Wanja huo!" bibi akasema. "Mwambie shehe alikuja mlangoni asubuhi akamuuliza, naye akanyamaza. Amekubali."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mwali hasemi ndiyo kama mtu anayenunua samaki. Anaulizwa, ananyamaza, na kule kunyamaza ndiyo jibu. Nani asiyejua? Binti akatafsiri, nikaona vile viatu vinanigeukia.

"Anasema," binti akaanza kwa sauti ndogo, "kama alinyamaza, basi hakukubali."

Vicheko vikakatika. Yule mama akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono. Wake ulikuwa wa moto. Akaniuliza mimi mwenyewe, binti akatafsiri: "Dada, umekubali? Sema tu, usiogope."

Nikanyamaza. Ningefanyaje? Kila nilivyozidi kunyamaza kwa adabu, ndivyo alivyozidi kunibana mkono, mpaka akaanza kunivuta ninyanyuke. Mawifi wakasimama. Mmoja wao akasema, "Mbona hajibu? Au kweli hamtaki kaka yetu?"

Loo! Hapo damu ikanichemka. Yaani nimeinama tangu asubuhi, shingo imekufa ganzi, nimefinywa mpaka nimevimba, halafu niambiwe simtaki? Nimtake vipi tena?

Nikainua uso. "Nimekubali!" nikasema, tena kwa sauti ya kiwandani, ile ya kushindana na mashine. "Ni mie niliyemtaka! Mngenikatalia ningetoroka naye!"

Sasa nikamwona mgeni wangu: mama wa makamo, pua imeungua jua, machozi yamemjaa. Alipotafsiriwa akacheka, akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka na wenzake kuwahi meli yao. Sijui bandari iliyofuata waliona nini. Mie nikabaki na watu wangu.

"Mnaona?" akasema wifi mkubwa. "Macho makavu. Si mama alisema?"

Mama mkwe alinyanyuka, akanijia, nikajua leo nakula kibao mbele za watu. Akavua mtandio wake, akanifunika kichwa, akaniinua, akaniingiza ndani yeye mwenyewe na kufunga mlango. Huko nje wakaanza kusema wote kwa pamoja. Akaketi kando yangu kitandani, akawa ananifuta wanja kwa ncha ya khanga, kwa nguvu, kama anasugua sufuria.

"Mie nami alinijia shehe mlangoni," akasema. "Nikanyamaza."

Nikamwambia, "Najua, mama. Ndiyo adabu."

"Adabu gani?" akasema. "Nilikuwa nimekataa."