Spika Niliyomnunulia Mayu

Mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama, alikuja kukaa kwangu Bariadi kwa ajili ya macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali walimfanyia upasuaji jicho moja, wakasema la pili lisubiri mpaka la kwanza litulie. Tangu aliposhuka kwenye basi na kuku wake aliyefungwa miguu, alinitangazia kwamba macho yakipona anarudi kijijini kwetu Nkoma. Nilimwitikia ndiyo mayu, sawa mayu, na moyoni nimeshaamua kwamba harudi.

Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Binti yangu yuko chuo Dodoma, na baba yake tuliachana mtoto hajaota hata meno. Kutwa nzima niko dukani nauza mbegu na dawa za pamba. Mayu alikuwa akishinda sebuleni na TV asiyoweza kuibadilisha, maana vitufe vya rimoti kwake vilikuwa ukungu mtupu. Siku moja nilimkuta ameketi kwa adabu mbele ya mahubiri ya lugha asiyoijua, mikono mapajani, akisubiri nirudi nimwokoe.

Ndipo nikanunua ile spika. Ni ya mviringo, kama kibuyu cha maziwa kilichokatwa shingo. Unaiita kwa jina lake, inawaka taa ya buluu, unaiambia unachotaka, nayo inawasiliana na kijiti kilichochomekwa nyuma ya TV. Kitu kinatokea. Fundi aliyenifungia alinionya kwamba haijui Kiswahili, sembuse Kisukuma. Hilo halikunitisha. Mayu alikariri misa nzima ya Kilatini akiwa msichana, bila kujua maana ya neno hata moja, na mpaka leo anaiimba. Maneno machache ya Kiingereza yangemshinda vipi?

Hayakumshinda. Kilichotushinda ni salamu. Kwetu mtu hatumwi kabla hajasalimiwa. Mayu akaiita spika kwa jina, taa ikawaka, akasema, "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi, kisha akatulia kusubiri kuitikiwa. Spika nayo ikatulia. Taa ikazimika. Akaniambia imenuna.

Nikamweleza kwamba ile ni mashine, inasubiri amri kwa muda mfupi tu, ikikosa inajizima. Akasema hata kama ni mashine, si inakaa ndani ya nyumba? Mimi si mtu wa subira sana. Nikamuuliza kama na rimoti alikuwa akiisalimia. Alinitazama kwa jicho lake jipya mpaka nikaenda mwenyewe jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Mwishowe tulikubaliana: anasalimia kwanza, anasubiri kiasi anachoona kinafaa, halafu ndipo anaita jina na kutoa amri. Isipoitikia salamu, alisema, hilo ni la kwake na waliomlea.

Kwa kweli sikupaswa kushangaa. Baba alikuwa na redio iliyoning'inia kwenye msumari ukutani, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya jiwe zirudishe nguvu. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, baba alimwitikia nzuri, kwa sauti, na kumuuliza za huko. Sisi watoto tulikuwa tumekalia lundo la pamba, tunachambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, na ole wake atakayekohoa wakati wa taarifa ya habari. Redio ile haikumtii mtu yeyote. Sisi ndio tulioitii, na habari ikiisha baba aliisimulia upya kwa Kisukuma, akiongeza chumvi yake, mayu akimkosoa kutoka jikoni. Naikumbuka redio ile kuliko ninavyoikumbuka sura ya baba, na inaniuma kusema hivyo.

Mayu akazoea. Jicho la pili nalo wakalifanyia upasuaji, ingawa alisema bado lina ukungu, kwa hiyo akaendelea kukaa. Nikirudi jioni nilimsikia tangu getini akitoa amri kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Nkoma, na TV ikitii. Alitazama misa, alitazama minada ya ng'ombe wa nchi za mbali na kuwasema kwamba wana nyama lakini hawana pembe. Bando likiisha aliniambia spika ina njaa. Nikaanza kufunga duka mapema. Nikaanza kumuuliza fundi rangi bei ya kupaka chumba cha nyuma, kiwe cha mayu moja kwa moja. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo miaka mingi: nyumbani kwangu kulikuwa na mtu anayesema umechelewa.

Malori ya pamba yakaanza kupita mjini. Jumapili moja alasiri mayu akaomba ngoma za kwetu, na mimi nikakaa naye.

Asiyezijua inabidi nimweleze. Baada ya mavuno, vyama vyetu viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hawa huku, wale kule, na hakuna anayetoa alama. Watu ndio wanaoamua. Upande utakaokimbiliwa na watu wengi ndio umeshinda. Baba alikuwa Mgalu. Mayu, binti wa ukoo wa Wagika, aliwahi kuvuka uwanja mchana kweupe kwenda kumtazama, na ndugu zake hawakumsamehe hilo mpaka alipozaa.

Kwenye TV wachezaji walikuja, vumbi likaruka. Mayu akasogeza kiti. Akasema yule wa pembeni njuga zake za mguu wa kushoto zimelegea, zitamwangusha. Mimi wala sikuwa nimeziona. Kisha akaanza kutazama kingo za kioo, huku na huku.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha wachezaji.

"Hao nawaona. Nauliza watu."

Aliyepiga picha alikuwa ameelekeza kamera kwa wachezaji tangu mwanzo mpaka mwisho. Upande wa pili ulisikika kama ngoma ya mbali tu. Mayu akaiomba spika, kwa Kisukuma na kwa upole, imgeuzie uwanja. Ikajibu kwa Kiingereza kwamba haikuelewa. Akangoja video iishe, akaniuliza nani ameshinda. Nikasema haijulikani. Akasema basi hiyo haikuwa ngoma, yalikuwa mazoezi.

Wiki hiyo akafunga kikapu chake. Nilimwambia habari ya vumbi la Nkoma na macho yake. Nilimwambia habari ya rangi ya chumba. Alisikiliza yote na kuendelea kukunja kanga. Nilipoona nashindwa, niliifungasha spika na kijiti chake ndani ya kitenge: kaka yangu kule Nkoma ana TV na umeme wa jua, bando ningemtumia. Tulipofika stendi nikaviweka mapajani mwake, kwenye kiti cha dirishani, nikashuka.

Akavirudisha kwa kuvipitisha dirishani.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "kaa navyo wewe. Mimi ninakokwenda kuna watu."

Nikasema nilivinunua kwa ajili yake, kwa sababu ya macho.

"Macho yalipona zamani. Nilikuwa nakuona jioni unavyokuja mbio kutoka dukani. Nikasema ngoja nikae naye kidogo."

Konda akagonga bati, basi likaondoka. Nilibaki nimekumbatia kile kitenge, nikalia, mwanamke mzima, mbele ya wauza karanga, wala sikujali nani ananitazama.