Ua la Sita

Leo asubuhi, nje ya stesheni ya Ilford, harufu ya maua yaliyolowa ilinisimamisha.

Nilikuwa mtoto, nimetoka Mombasa na mama kuja kumtembelea shoga yangu. Tulikua naye mtaa mmoja hadi wazazi wake, Wahangaria, walipohamia London. Siku waliyotutembeza mjini nilimpa maua sita mekundu. Hapo darajani, mbele ya ile saa kubwa, nyanya yake akayahesabu kwa kidole, akachomoa moja, akalitupa chini.

"Anasema shufwa ni ya maiti," shoga yangu akanitafsiria huku akicheka. "Mawili, manne, sita. Aliye hai hupewa witiri."

Nilichukia. Maua yale nilikuwa nimeyachagua mwenyewe. Nyanya alipogeuka, nililiokota nikamrudishia shoga yangu, naye akalichomeka nywelani. Kutwa nzima, kwenye kasri, kwenye bustani, yule bibi kizee hakutazama kitu ila lile ua.

"Mangapi?" muuzaji aliniuliza leo.

"Sita."

Akanitilia la saba, hisani yake. Nikamshukuru. Kwenye lango la makaburi, kabla sijamfikia shoga yangu, nikalichomoa.