Bingwa wa Mikumi Aliyekataa Kukosa

Siku ya sita ya kupiga filamu, Domina alitoka nje ya baa ya Mzee Timotheo pale Mikumi, akaketi juu ya kreti tupu la soda, akashika kichwa kwa mikono miwili. Ndani watu walikuwa wanashangilia. Walikuwa wanamshangilia Herman, kwa mara ya kumi na moja tangu asubuhi, kwa sababu alikuwa ameuzamisha tena mpira mweusi wa pool kwenye tundu la kona, safi kabisa, bila hata kugusa ukingo. Skripti ilisema akose.

"Lakini kapiga vizuri, dada," alisema Mwamvua, aliyesimama mlangoni ameshika maikrofoni iliyofungwa kwenye mpini wa fagio. "Hilo huwezi kukataa."

"Mwamvua, mdogo wangu, nyamaza kidogo. Nyamaza tu."

Domina ni mtu wa Magomeni, pale Kilosa mjini. Kwa miaka kumi na minne sasa, mtu akioa au akiolewa kuanzia Chanzuru mpaka Ruhembe, kuna uwezekano mkubwa kwamba video yake kaipiga yeye. Anajua pa kusimama bibi harusi anapoanza kulia, na anajua namna ya kumkatisha mjomba mwenye hotuba ndefu bila kumvunjia heshima. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko milimani, mtu ambaye kengele ikichelewa kwa dakika mbili alikosa raha siku nzima, na binti kachukua damu hiyo. Anapenda jambo lianze saa iliyopangwa na liishe linavyotakiwa kuisha. Ndiyo maana filamu hii, aliyoiongoza mwenyewe, nusura imtie wazimu.

Watu wake walikuwa wachache. Mwamvua, jirani yake, msusi, alifunga saluni yake wiki nzima aje ashike maikrofoni. Bryson, mwalimu wa historia aliyekuwa likizo, aliigiza mpinzani. Huyu alikariri maneno yake yote, na ya wenzake pia, akawa anawasahihisha Kiswahili katikati ya ugomvi wa kwenye filamu. Tatizo lake moja: hajui kabisa kushika fimbo ya pool. Siku ya kwanza aliurusha mpira mweupe nje ya meza, ukapitia mlango wa jikoni, ukatua kwenye sufuria ya supu.

Halafu Herman. Herman ni fundi wa matairi kando ya barabara kuu, kijana wa miaka ishirini na sita, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemfunga kwenye meza ya pool ya baa ile. Madereva wa malori ya kwenda Tunduma walikuwa wanasimamisha magari makusudi waje wamjaribu, wanaondoka wameinamisha vichwa. Domina alimchagua aigize bingwa kwa sababu ya mikono yake. Alijua mwigizaji wa kawaida angeweza kujifunza maneno, lakini ile namna ya kuinamia meza, kidevu karibu kiguse fimbo, isingefundishika kwa wiki moja.

Siku ya pili umeme ulikatika mpaka saa nane mchana. Siku ya tatu Herman alikuja amenyoa ndevu, eti binamu yake anapata kipaimara na mama yake kamtaka awe nadhifu. Kwa hiyo kwenye filamu anaingia mlangoni ana ndevu, anafika kwenye meza hana. Domina alilazimika kuandika papo hapo maneno mapya ya kueleza kwamba siku nyingine imepita. Wanywaji waliopewa soda ili wakae nyuma kama watazamaji walikuwa wanaikodolea macho kamera, na mmoja alipunga mkono. Na kila Bryson alipofika kwenye maneno mazito, lori lilipita nje likibadilisha gia.

Yote hayo Domina aliyavumilia. La kukosa mpira mmoja tu ndilo lililomshinda.

Alinyanyuka kwenye kreti, akaingia ndani, akawaomba watu watoke. Akabaki na Herman.

"Herman, nakuomba. Kosa mara moja tu."

"Nimejaribu, dada Domina."

"Hujajaribu."

"Mkono unakataa."

"Mkono si wako huo?"

Herman alipaka chaki ncha ya fimbo, polepole, hamwangalii. "Wewe utarudi Kilosa, dada. Mimi nabaki hapa. Dereva akiiona hiyo filamu huko Tunduma, atashuka hapa aseme, huyu si yule aliyekosa mpira ulio mdomoni mwa tundu? Nitamjibu nini?"

"Utamjibu kwamba ilikuwa filamu!"

"Hakuna atakayenisikiliza."

Domina alishajaribu mbinu zote. Aliusogeza mpira mweusi mahali pagumu, Herman akaupiga ukagonga kingo mbili ukaingia. Alimwambia Bryson aisukume meza kidogo kwa nyonga, ukaingia. Mwishowe alimwambia Herman afumbe macho, na ulipoingia hivyo hivyo, baa nzima ililipuka kwa kelele, na betri ya kamera ikaisha, ikabidi iwekwe nyingine.

Sasa alivuta kiti akakaa. Hakuwa amemwambia mtu jambo hili, hata Mwamvua.

"Hii hadithi sijaitunga," alisema. "Ni ya kaka yangu Emanueli. Alikuwa anakata miwa Ruhembe, na kila akipata nafasi yuko kwenye meza ya pool. Miaka minne alikuwa haguswi. Nyumbani hakai. Akija amesimama, akiondoka hajaaga. Mama alikuwa anamwekea chakula kwenye bakuli anafunika na sahani, asubuhi tunawapa kuku. Halafu siku moja alifungwa hapa Mikumi, na mtu mgeni tu, mpita njia. Akarudi Jumapili mchana, akakaa mkekani, akala. Akamuuliza mama shamba la bondeni limelimwa au bado. Basi. Kuanzia siku ile tukampata." "Ukishinda, Herman, mimi sina filamu. Nina video ya mtu anacheza pool."

Herman aliisimamisha fimbo sakafuni. "Siku hizi bado anacheza?"

"Hachezi. Analima mpunga Chanzuru. Na ile siku hajawahi kuizungumzia."

Herman aliutazama mpira mweusi pale mezani. Domina akaanza kupata tumaini.

"Basi mimi siwezi kuwa yeye," alisema Herman. Nje lori lilipiga honi, tairi lilikuwa limepasuka. Akavua shati la filamu, akalitundika kwenye msumari, akaenda kuvaa ovaroli lake.

Domina hakuwa na nguvu hata ya kufoka. Aliwaambia wenzake waende kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara wakale, baada ya hapo wafungashe. Alikula ugali bila kujua ulikuwa na mboga gani. Waliporudi akakuta kamera bado inawaka juu ya miguu yake mitatu, taa nyekundu inamwangalia.

"Mwamvua! Si nilikwambia uzime?"

"Nilidhani umezima wewe."

"Kadi imejaa picha za meza tupu! Yaani hata kuzima kitu jamani!"

Aliifungua ile video ili aifute. Meza haikuwa tupu.

Herman alikuwa peke yake, na ovaroli lake la mafuta. Aliuweka mpira mweusi karibu na tundu la kona, akainama, akapiga. Ukaingia. Akautoa, akauweka tena. Ukaingia. Alisonya, akatikisa mkono kama anaukung'uta maji. Mara ya saba akapiga, na mpira ukagonga ukingo, ukarudi katikati ya meza, ukasimama. Herman naye akasimama. Alitazama mlangoni haraka kama kuna aliyeona. Kisha akautazama mpira, midomo wazi, na uso wake ukawa wa mtu asiyejua ageukie wapi.

Domina alitazama mara mbili. Alikumbuka alivyomwambia Herman kwamba hajajaribu.

Alitoka akamfuata Herman kwenye matairi yake, akamshikisha kamera. Herman alijifuta mikono, akatazama mpaka mwisho.

"Umeniibia," alisema.

"Sijakuibia. Ilisahaulika. Ukisema nifute, nafuta sasa hivi mbele yako."

"Rudisha mwanzo." Akatazama tena. Akataka na mara ya tatu. "Kumbe ndivyo ninavyokuwa," alisema kwa sauti ndogo. Halafu akaukaza uso. "Iweke. Lakini uandike kwamba Herman wa Mikumi hajawahi kufungwa kwenye meza hii."

"Nitaandika mwisho, pamoja na majina."

"Mwanzoni. Kwa herufi kubwa."

"Herman! Watu watajuaje hadithi kama mwanzoni tu nimeshawaambia..."

Walibishana karibu nusu saa, mpaka wakakubaliana mwisho, herufi za kawaida. Domina alikuwa anarudi ndani anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, ndipo lilipomjia. Ovaroli. Katika mchezo wote wa mwisho Herman alikuwa amevaa shati la bluu, na hapo anapokosa amevaa ovaroli. Itabidi mchezo mzima urudiwe.

"Haiwezekani," alisema Bryson, ambaye juzi yake ilimchukua asubuhi nzima kuingiza mpira mmoja.

"Inawezekana," alisema Domina, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeweza kumpiga mwalimu kwa fagio la maikrofoni. Walirudia kwa siku mbili.

Filamu ilionyeshwa miezi mitano baadaye, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Magomeni, madirisha yamezibwa kwa vitenge. Emanueli hakufika, ilikuwa wakati wa kupandikiza mpunga. Alituma ujumbe wa neno moja, hongera. Domina alisimama nyuma akaona makosa tu: shuka la ukutani la kuonyeshea picha lina mkunjo, sauti inatangulia midomo, na lori lilinguruma juu ya maneno mazuri kuliko yote ya Bryson, watu wakacheka. Lakini mpira mweusi uliporudi katikati ya meza, ukumbi wote ulinyamaza. Kwenye kiti cha mbele, Herman aliinamisha kichwa, na mtu asiyemfahamu, aliyeketi jirani yake, akamwekea mkono begani.

Taa zilipowashwa, bibi mmoja alimjia Domina akijipepea kwa ushungi wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, sisi wa kikundi cha kuweka akiba tumechelewa kutoka, tumekuta nusu. Na mbele yangu alikaa mtu mrefu. Anza upya."

"Bibi, ukumbi tumepewa mpaka saa kumi."

"Saa kumi bado," alisema bibi, na alishakaa. Wenzake kumi na wawili walikuwa wanapanga viti nyuma yake.

Domina alishusha pumzi ndefu. Akaomba taa zizimwe, akairudisha filamu mwanzo, na safari hii akatafuta kiti akakaa.