Mama Viti na kiti cha sikio zima

Saa tisa alasiri, ukumbi wa chakula wa meli uko kimya kama darasa siku ya likizo. Mwanamke wa makamo, mwenye sketi nyeusi na raba zisizopiga kelele, anavuta kiti na kukaa. Anaweka mikono juu ya meza kama mtu anayesubiri supu. Anatazama mbele, anatazama kushoto, anainuka na kuhamia kiti cha pili.

"Kwenye hiki, jua la jioni litampiga mtu machoni," anasema huku akigeuza glasi kichwa chini kama alama. "Hapa nitamweka mtu mwenye kununa. Wenye kununa wanapenda kupata kisingizio."

Anahamia cha tatu.

Mabaharia na wahudumu wote wanamwita Mama Viti, na ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa huenda asigeuke. Kazi yake ni kupanga nani ale wapi, pamoja na nani, na saa ngapi, katika meli hii ya likizo inayobeba familia kutoka bandari moja hadi nyingine kwa wiki nzima. Ukumbi ni mmoja na watu ni wengi, kwa hiyo chakula cha jioni huliwa kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza ni saa kumi na mbili, ya wenye watoto na wenye njaa. Zamu ya pili ni saa mbili, ya wanaopenda kukaa na kuzungumza mpaka wahudumu waanze kupiga miayo.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mgeni anaketi, anakunjua kitambaa, anadhani kiti kile kimemwangukia tu. Hajui kuwa kuna mtu alishakaa hapo kabla yake.

"Siwezi kumkalisha mtu mahali ambapo mimi mwenyewe sijakaa," anasema Mama Viti. "Ni kama kumpa mtu nguo bila kuijaribu kama inabana."

Alianza kazi melini akiwa mwosha vyombo. Huko jikoni aligundua jambo. Sahani zilizorudi zimejaa chakula zilitoka meza zilezile kila siku, hata wageni wakibadilika. Mpishi mkuu wa wakati ule alilaumu mkono wake mwenyewe, akaongeza chumvi, akapunguza chumvi. Siku moja mwosha vyombo akaenda kukaa kwenye meza moja kati ya zile. Upepo wa kipoza hewa ukamshukia shingoni kama maji ya barafu.

"Nikamwambia, Chef, chumvi yako haina kosa. Watu wanakula huku wanatetemeka!"

Mpishi alicheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo akawa anamwita kila chombo kinaporudi kimejaa. Msimamizi wa ukumbi alipostaafu, kiti chake, kama ilivyo haki, kilimwendea mtu wa viti. Mshahara wake sasa unawasomesha watoto wake wawili, ambao wanalelewa na mama yake na kaka yake seremala.

Ndiyo maana safari hii ilipoanza, hakuna aliyetarajia kwamba Mama Viti angekosea kiti. Tena kiti cha mtu mmoja aliyeandaliwa safari nzima.

Mtu huyo ni bibi kizee mwembamba, mcheshi, mwenye kilemba cha buluu. Wanawe wameishi miji mbalimbali kwa miaka, wakionana kwenye misiba tu. Mwaka huu wakasema hapana, tuonane tukiwa tunacheka. Wakachanga, wakampandisha melini mama yao, wao wenyewe, wake na waume zao, wajukuu na vitukuu. Kila kitu kilipangwa na mwanawe wa kwanza, ambaye ukoo mzima unamwita Kaka Mkubwa, hata watu waliomzidi umri.

Kaka Mkubwa alifika mapokezi na agizo lililokamilika. Watu wazima wale zamu ya pili, kwenye meza ndefu, Bibi akae kichwani mwa meza. Watoto wale mapema, kwenye mgahawa wao wa sitaha ya juu, wasije wakamchosha.

"Nataka mama yangu apewe heshima yake," alisema. "Akae pale kila mtu amwone."

Mama Viti hakuona ubaya. Alichagua meza ndefu ya katikati, akakaa kichwani mwake. Jua halikuwepo, upepo haukuwepo, na watu wote wangekuwa mbele ya macho yake. Aliridhika.

Jioni ya kwanza Bibi alikaa kama malkia. Alitabasamu, akala nusu ya samaki, akasema amechoka. Jioni ya pili, kiti cha kichwani mwa meza kilikuwa kitupu.

"Mama anaumwa kidogo na bahari," Kaka Mkubwa alimweleza Mama Viti. "Mpelekeeni supu chumbani."

Bahari siku hiyo ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Mama Viti alichukua sinia mwenyewe.

Alimkuta Bibi kitandani, amevaa viatu, mkoba umefungwa na kuwekwa miguuni.

"Weka hapo, mwanangu. Na uniulizie, meli inasimama lini?"

"Keshokutwa asubuhi, Bibi."

"Basi ikisimama nishushieni mzigo wangu. Nitarudi nyumbani kwa basi na mjukuu wangu mmoja. Nimeshasema mapokezi."

"Bahari imekushinda?"

"Bahari!" Bibi alicheka. "Mimi nimezaa saba, bahari itanifanya nini? Njoo huku, upande huu. Huko unakosema, unaliambia godoro."

Ndipo Mama Viti alipojua kwamba sikio la kushoto la Bibi lilishazimika zamani. Linalofanya kazi ni la kulia. Na hakuna aliyesema wakati wa kupanga meza, kwa sababu nyumbani kila mtu huzungukia upande wa kulia kwa mazoea tu, bila kufikiri, kama mtu anavyoruka shimo la mlangoni kwake.

"Pale mliponiweka," Bibi alisema taratibu, bila hasira, "kushoto kwangu wamekaa wasemaji wote wa ukoo. Kulia nimewekewa Kaka Mkubwa, na huyo tangu mdogo akila hasemi. Nyuma yake, upande huohuo, vijana wenu wanapanga sahani chafu. Kwa hiyo sikio langu zima mmelipa sahani. Kwa, kwa, kwa! Wenzangu wanacheka. Nikiuliza wamesema nini, wananiambia, 'Si kitu, Mama, kula tu.' Na vitukuu niliowafuata huku nawakuta wameshalala. Sasa, mwanangu, kula peke yangu kwani nyumbani sikuweza?"

Mama Viti anasimulia kwamba alitoka mle chumbani akijiuliza alikosea wapi. Kiti kile alikuwa amekikalia. Lakini alikikalia alasiri, ukumbi mtupu, hakuna mcheko, hakuna sahani. Katika ukumbi mtupu kila kiti kinasikia.

"Miaka yote nilikuwa najaribu viti kwa macho na kwa shingo," anasema. "Masikio niliyaacha nyumbani."

Hakusubiri kesho. Familia ilikuwa bado mezani. Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti kitupu, akakaa mbele ya watu wote, akaziba sikio la kushoto kwa kidole.

"Jamani, endeleeni kuzungumza kama vile sipo."

Wakamtazama. Kitinda mimba wa Bibi, mwanamke mwenye maneno mengi na mdomo usio na breki, akasema neno, wote wakaangua kicheko. Mama Viti aliona meno tu. Alichosikia ni sahani.

Akainuka. "Kaka Mkubwa, naomba ukae hapa."

"Mimi? Hicho ni kiti cha Mama."

"Ndiyo maana."

Kaka Mkubwa ni mtu mzito, wa mwili na wa maamuzi. Alitazama kushoto na kulia, akaona ukoo mzima unamsubiri, akakaa. Akaziba sikio. Kitinda mimba akapata nafasi aliyoingoja maisha yake yote. Akasimulia, kwa uso mkavu kabisa, jinsi kaka yao alivyowahi kukimbizwa na bata mzinga mpaka juu ya paa, na jinsi Mama alivyomtoa huko kwa kumwahidi uji. Meza nzima ilipasuka. Shemeji mmoja alilala juu ya kitambaa cha meza. Hata mhudumu mmoja alilazimika kugeuka ukutani.

"Mmesema nini?" aliuliza Kaka Mkubwa.

Kitinda mimba akafuta machozi ya kicheko. "Si kitu, Kaka. Kula tu."

Kicheko kikafa taratibu, mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja alikumbuka jana yake alimwambia nani maneno hayo. Kaka Mkubwa alitoa kidole sikioni.

"Kumbe nimempa mama yangu jukwaa," alisema. "Nilidhani nimempa meza."

Alipoambiwa habari ya mkoba uliofungwa, alitaka kukimbilia chumbani kumwomba abaki. Mama Viti akamzuia. "Usiende kumbembeleza kwa maneno, atayasikia nusu. Nipe mpaka kesho jioni nimwandalie mahali."

Kuandaa mahali melini si kusogeza stuli. Zamu ya kwanza ilikuwa imejaa. Meza za duara zilizopo kwenye kona, mbali na vyombo, zilikuwa za kundi la marafiki wastaafu wanaosafiri pamoja kila mwaka. Asubuhi Mama Viti aliwafuata kwenye sitaha, wakicheza karata.

"Wazee wangu, nina ombi. Mhamie zamu ya pili."

"Saa mbili?" msemaji wao alishtuka. "Dada, tukila saa mbili tutaota tunafukuzwa na ng'ombe."

"Nitawapa meza ndefu, nitaisogeza mpaka dirishani. Na saa mbili hakuna mtoto wa kuwamwagia juisi."

Wazee wakatazamana. Mmoja alikuwa na doa jekundu la juzi kwenye kola.

"Hapo umesema," alijibu msemaji. "Chukua duara lako. Lakini supu iwe ya moto!"

Jioni ya tatu, saa kumi na mbili, Bibi aliingia ukumbini akishikwa mkono na kitukuu. Alikuwa amekubali kuja kula "mara moja, kuwaaga." Alikuta meza mbili za duara zimegusana kwenye kona, na watoto wote wamekaa, wamechanwa nywele, wananong'ona. Kiti chake kilikuwa ukutani. Ukuta kushoto kwake, watu wake kulia.

Kaka Mkubwa alikuwa amekaa meza ya pili, mbali kabisa, magoti yamebanana na ya watoto.

"Na wewe mbona huko?" Bibi alimwuliza.

"Nasubiri zamu yangu, Mama."

Maana huo ndio ulikuwa mpango wa Mama Viti. Baada ya supu, watu walihama. Baada ya samaki, wakahama tena. Kila aliyehama alipata muda wake kwenye kiti kimoja tu kilichogombewa, kile kilicho kulia kwa Bibi. Kabla ya matunda watoto walishakipa jina: kiti cha sikio. Wawili walikikalia kwa pamoja na hakuna aliyekubali kushuka.

Bibi hakunyamaza jioni ile. Alipofikiwa na kisa cha bata mzinga, alikisahihisha.

"Si uji. Nilimwahidi fimbo, ndiyo maana alikaa juu mpaka jioni!"

Ukumbi mzima uligeuka kutazama ile kona. Kaka Mkubwa, ambaye zamu yake ilikuwa ndiyo kwanza imefika, alicheka mpaka akashindwa kumeza. Na yeye, asiyesema akila, alimwinamia mama yake sikioni na kusema jambo refu. Walichoambiana hakuna aliyesikia, na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi meli ilipofunga kamba bandarini, mhudumu alipita kuchukua mkoba kama alivyoagizwa.

"Mkoba gani?" alisema Bibi. "Leo kiti cha sikio ni cha kitukuu wangu wa mwisho. Nikishuka, huyo mtoto mtamwambia nini nyinyi?"

Sasa ni alasiri, na Mama Viti bado yumo katika ukumbi mtupu, akihama kiti hadi kiti. Tabia hiyo hakuiacha. Ila siku hizi jioni, zamu ikiwa imepamba moto, utamwona amejibanza kwenye kiti chochote kilichobaki wazi, macho amefumba, anasikiliza. Pia amemwomba msimamizi wa mapokezi kuongeza swali moja kwa kila familia inayopanda: nani kwenu anasikia upande gani? Amekubaliwa.

Safari ikiisha, likizo yake inaanza. Jana alimpigia simu kaka yake seremala, akamwambia amtengenezee meza ya duara, kubwa, ya mbao nzito.

"Ya duara?" kaka yake alishangaa. "Sasa Mama atakaa wapi? Meza yenyewe haina kichwa!"

"Atakaa anaposikia."

"Mama anasikia vizuri tu."

"Una uhakika? Ulimuuliza lini?"

Nyumbani kwao pia mama yao hukaa kichwani mwa meza ndefu, tangu baba yao alipofariki. Naye siku hizi amekuwa mtu wa maneno machache wakati wa kula. Walidhani ni uzee.

"Usikate ubao bado," Mama Viti alimwambia kaka yake. "Ningoje nifike."

Jioni ya kwanza nyumbani, watoto wakiwa wamejaa mezani na kelele zao zote, Mama Viti ataomba jambo moja kabla ya chakula. Atamwinua mama yake kwa heshima, akae yeye kwenye kile kiti, na asikilize.