Kigoda cha Muuza Mchele

Mama muuza mchele, jirani yangu wa meza hapa sokoni Kilosa, hajibu neno mpaka achote mchele kiganjani, aupulize pumba, autazame. Hata shikamoo anaiitikia huku akipuliza. Anacheka taratibu, kwa pua, na redio yake haizimwi. Wenyeji walipokubaliana kuuza mchele kwa pamoja kwenye mahoteli ya Mikumi, yeye walimwacha nje: ukoo wake umehamia juzi tu na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, na mzigo wake wa mchele unazidi kukua. Nilidhani atanuna. Siku hiyo redio ikataja taifa linaloinuka ambalo majirani zake wamelitenga katika mkataba wao wa biashara.

"Nalo limefanyaje?" akaniuliza.

Nikamwambia linajenga barabara ya kwenda kwa kila jirani. Akapuliza mchele wake. "Lina akili." Kesho yake akaenda kuongeza maksai na mikokoteni.

Mvua zilipokolea, lori la wale wenyeji likanasa kwenye tope la Masanze, njiani kwenda Mikumi, pamoja na magunia yote. Mwenyekiti wao akaja sokoni, matope hadi magotini.

"Shikamoo, mzee," Mama akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Tunaomba mikokoteni yako."

"Itakuja. Malipo sitaki, nataka kukaa kwenye kikao chenu."

Mzee akajikuna kichwa, akasema viti vyote vina watu. Mama akapuliza kiganja kitupu.

"Kigoda changu nimeshakipakia, mzee. Kiko kwenye mkokoteni wa mbele."