Haujambo Kidogo

Mdogo wangu alinifundisha kutazama kriketi kwa lazima. Mimi nashona nguo Korogwe, na simu yangu ilikuwa ya kusikilizia taarabu na kupokea wateja wanaodai magauni yao. Alipohamia kwangu baada ya kumaliza kidato cha nne, akaiegemeza kwenye cherehani, akaniomba hela ya bando, na tukaanza kutazama mechi za Test, zile zinazochezwa siku tano. Nilimwambia sijapata kuona mchezo wa hovyo namna hii. Watu wazima wamevaa nyeupe tupu, wanacheza tangu asubuhi, wanasimama kula, wanasimama tena kunywa chai, na siku ya tano wanapeana mikono na hakuna aliyeshinda. Alicheka mpaka akashika kiuno. Wakati huo alikuwa bado anaweza kucheka hivyo.

Alikuwa na mchezaji wake aliyempenda, mrushaji mpira wa kasi wa nchi ya mbali, na mdogo wangu mwenyewe alikuwa mrushaji wa kasi. Aliniambia nisiutazame mpira, niwatazame wapigaji pale huyo mtu anapokabidhiwa mpira. Kweli nikaona. Waliokuwa wamestarehe asubuhi nzima walianza kurekebisha glavu ambazo hazikuwa na kasoro. Alikuwa anawatoa mchezoni mmoja baada ya mwingine, na mechi iliyokuwa imelala inaamka. Bila yeye, timu yake ilikuwa timu ya kawaida tu.

Sasa kilichoniudhi ni kwamba nusu ya mechi hakuwamo. Tunawasha simu, mtangazaji anasema amepumzishwa. Mdogo wangu akanieleza kwamba mgongo wa yule mrushaji uliwahi kupata ufa, kwa hiyo wana watu wa kuhesabu kila mpira anaorusha, hata wa mazoezini, na hesabu ikijaa anakalishwa, atake asitake.

"Wanamdekeza," nilisema.

"Hawamdekezi, dada. Ushindi wao wote uko kwenye ule mgongo."

Mchezo wenyewe aliuanzia shuleni Handeni, kwa wazazi wetu. Mwalimu mmoja alileta magongo ya plastiki, wenzake wakacheka, yeye akarusha mpira na kicheko kikaisha. Ungemwona kwa mara ya kwanza ungeogopa. Alikuwa anakuja mbio kutoka mbali, anaruka, anatua kwa mguu wa kushoto na mwili mzima unaelemea hapo, mgongo unajipinda, mkono unapita juu ya kichwa, na mpira umeshafika. Mtoto mwembamba, mpole, akisalimia wakubwa anapiga goti. Sijui ukali ule alikuwa anauficha wapi.

Akaitwa kambini, kwenye timu ya wasichana waliokusanywa kutoka wilaya kadhaa. Ilisemekana watakaofanya vizuri wataendelea mbele zaidi, pengine hata kupanda ndege. Alitaka hilo kuliko kitu chochote. Hakuwa msichana wa kutaka vitu vingi. Alitaka hicho kimoja.

Siku moja akanipigia simu kutoka huko kambini. "Dada, mgongo unauma nikitua."

"Kocha umemwambia?"

"Ananiuliza kila asubuhi. Namjibu haujambo kidogo."

Nikaridhika, maana nilijua ameshamwambia kwamba anaumwa. Kwetu mtu akikuambia mgonjwa wake hajambo kidogo, huendi zako. Hilo neno kidogo ndilo lenye habari. Unaweka mzigo chini, unauliza tena, usiku amelala vipi, chakula kinapita, dawa anatumia gani. Mgonjwa wetu hawezi kuanza na maumivu. Anaanza na sijambo kwa sababu umemsalimia, na salamu ina jibu lake. Ugonjwa unakuja kwenye swali la pili au la tatu, mtu akishaona kweli unataka kujua. Hata mama yetu, aliyewahi kulazwa hana nguvu ya kugeuka, aliwajibu waliokuja kumwona kwamba ni mzima, anamshukuru Mungu, ndipo akaanza kueleza.

Kocha alikuwa mtu wa kutoka nje, Kiswahili alijifunzia ukubwani, na kwa kweli alikisema vizuri. Asubuhi alipita kwenye mstari wa wasichana akimsalimia kila mmoja, akifika kwa mdogo wangu anauliza, "Mgongo haujambo?" Anajibiwa, "Haujambo kidogo." Anaitikia kwa kichwa, anaenda kwa anayefuata. Swali la pili halikuja.

Mechi iliyomvunja ilichezwa hapahapa Korogwe, kwenye uwanja wa shule moja. Nilifunga kibanda nikaenda kumwona. Alikuwa anawatoa wapigaji kama mchezo wa kitoto, na mimi, niliyekuwa naiita kriketi kitu cha hovyo, nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Wapigaji wa upande wa pili wakaanza kujishikashika glavu. Nikasema moyoni, huyu ni yule wa kwenye simu, na katoka tumbo moja na mimi.

Kila wenzake walipozidiwa, mpira ulirudi kwake. Hili ndilo nisilolisahau hadi leo. Yule wa mbali alipumzishwa kwa sababu ni wa thamani. Huyu wetu, kwa sababu ni wa thamani, alirushishwa asubuhi, akarushishwa jua likiwa utosini, akarushishwa tena alasiri. Mchezaji wa kawaida angekaa kivulini. Uwezo wake ndio uliomponza.

Hakupiga kelele. Alitua, mpira ukaenda kando mbali sana, naye akakaa chini taratibu, vile mama mjamzito anavyokaa. Nilipomfikia alisema, "Shikamoo dada." Nadhani hakujua la kusema.

Picha ya hospitali ilionyesha ufa kwenye mfupa wa chini wa mgongo. Daktari alisema haukuwa wa siku hiyo. Ulianza zamani, ukaendelea kukanyagwa. Tukampeleka Handeni akalale kwa mama. Mama alitaka aletwe mkandaji, nami nikasema hagusi mtu mgongo huu, tukanuniana mama na mwana kwa muda mrefu, yeye kalala katikati yetu kwenye mkeka anatazama bati.

Kocha alikuja kumwona. Alileta matunda, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mama shikamoo kwa heshima zote. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno ambayo hata kuyaandika ni aibu.

"Nilimuuliza kila siku, mama," alisema. "Alisema mgongo haujambo."

Mama akanitazama, akamtazama yeye. "Alikuambia haujambo, au haujambo kidogo?"

"Haujambo kidogo. Ndiyo."

Alisema bila kubabaika. Mama akainamisha kichwa, na yale maneno yangu yakanifia mdomoni. Mtu aliuliza, mtoto akajibu, wote wawili kwa Kiswahili sanifu, na mgongo ukavunjika katikati yao. Ningepata mtu wa kumchukia ningepumua. Nilikosa.

Wenzake waliendelea na safari bila yeye. Mmoja alimtumia picha akiwa ndani ya ndege. Mdogo wangu alimjibu kwamba ni freshi sana, kisha akaigeuza simu kifudifudi.

Akapona. Mfupa uliunga, akarudi kwangu Korogwe, na daktari akamruhusu kukimbia, kisha kurusha. Siku ileile aliyoruhusiwa aliniomba nimsindikize uwanjani, na mimi nilijaa furaha nikafunga kibanda na gauni la bibi harusi liko mezani. Alisimika vijiti vitatu vya kulengwa na mpira, akanisimamisha nyuma yake, kando kidogo, nisije nikapigwa. Akahesabu hatua zake kurudi nyuma, akageuka.

Alikuja vizuri, kama zamani. Alipofika kwenye mstari wa kurushia hakuruka. Aliendelea kukimbia na mpira mkononi, akapita vijiti, akapunguza mwendo, akarudi. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mara ya mwisho alisimama palepale kwenye mstari, mguu wa kushoto umebaki hewani, kisha akaushusha polepole.

Nilimwendea. "Unauma?"

"Hauumi."

"Niambie ukweli. Usinijibu kama unamjibu mgeni. Unauma wapi?"

"Hauumi kabisa, dada. Nimelala vizuri, nimeamka vizuri, hauumi popote." Akavigeukia vile vijiti. "Nikifika pale mguu unakataa. Nasikia kabisa mfupa unavyokatika, na wala haujakatika."

Nikamwambia itapita, asubiri.

"Ungekuwa unauma ningesubiri upone," alisema. "Umepona. Sasa nasubiri nini?"

Nilichukua mpira mkononi mwake, nikang'oa vile vijiti, tukarudi nyumbani kwa miguu.